Nimevua pete kwa ajili ya mikono, wifi anauliza kama nimevua ndoa

MUULIZE MAMA MKUBWA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Morogoro. Nafanya usafi kwenye gesti moja maeneo ya Msamvu. Vyumba viko 14, na siku mabasi yakishusha watu wengi nafua mashuka ya vyumba vyote kwa mkono, nasugua vyoo, napiga deki korido, na ikifika saa nane mchana nimemaliza. Hapo nawahi nyumbani kupika na kuosha vyombo. Jumamosi jioni na Jumapili natengeneza sabuni ya maji, nauza mtaani kwenye chupa za lita moja na nusu. Ufundi huo niliupata kwenye kikundi chetu cha akina mama miaka mitatu iliyopita, na sisemi uongo, umenilipia ada za watoto.

Mama, mikono imeharibika. Ilianza kidole cha pete, pale pale chini ya pete. Kwanza muwasho tu, nikawa naizungusha pete siku nzima kama mtu mwenye mawazo. Kisha vikatoka vipele vyenye maji, vidogo kama mbegu za nyanya, ubavuni mwa kidole. Vikapasuka, ngozi ikawa nyeusi na ngumu, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Sasa mikono yote miwili imechanika kwenye viungo vya vidole. Nikimenya kitunguu machozi yananitoka, na si ya kitunguu. Usiku nalala nimebandika viganja ukutani kwa sababu ukuta una ubaridi.

Nimeshahangaika. Sabuni nimebadilisha mara tano. Nilianza na ya mche, nikaambiwa ina magadi mengi, nikahamia sabuni ya dawa, ikazidi. Jirani akasema ni fangasi, nisugue ndimu na chumvi. Nilisugua asubuhi nikaenda kuanika mashuka juani. Kesho yake mgongo wa mkono ukatoa malengelenge na mpaka leo kuna baka jeusi. Duka la dawa wakanipa krimu ya tyubu ndogo wanayoiita tatu kwa moja. Nilipaka siku nne nikapona kabisa, nikaacha, na wiki haikuisha ikarudi kwa hasira. Sasa niko tyubu ya tano. Bosi alinipa glavu za mpira, zikajaa maji na jasho ndani, mikono ikawa inatoka imejikunja na inawasha kuliko mwanzo, nikaziacha. Na ameanza kusema wageni hawapendi kuona mikono kama hii ikitandika kitanda, kama nina ugonjwa wa kuambukiza niseme mapema.

Pete nimeivua, huu mwezi wa pili, nimeifunga kwenye kitambaa kabatini. Mume wangu hana neno. Ila wifi yangu alikiona kidole kitupu msibani, mbele ya watu, akaniuliza, "Wifi, umevua pete au umevua ndoa?" Mama mkwe naye anasema huu ni mkono wa mtu, twende kuangaliwa.

Mtoto wangu mdogo, wa miaka 6, naye anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, hasa akitoka kuoga.

Naomba unitajie sabuni moja tu iliyo nzuri. Na je, pete yangu ni feki? Fundi alituapia ni dhahabu. Na je, niache kazi?

Mama Wawili, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na pete, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi kuliko hata muwasho. Kaitoe kwenye hicho kitambaa, kaa nayo dirishani penye mwanga, uitazame upande wa ndani. Kama ina nakshi au maandishi, tazama kwenye mifereji yake. Utakuta utando mweupe au wa kijivu, umeganda kama ukoko wa chumvi kwenye birika. Hiyo ni sabuni. Umeifua pamoja na mashuka kila siku, maji ya sabuni yakaingia chini ya pete, yakakosa pa kutokea, hayakusuuzika wala hayakukauka. Mkono mzima ulipata sabuni kwa saa kadhaa, kile kidole kilikaa nayo mchana na usiku. Ndiyo maana kilitangulia. Miaka niliyokuwa muuguzi kliniki ya ngozi, mama akiingia tu nilikuwa natazama kidole cha pete kabla hajakaa kwenye kiti.

Sasa kuhusu ufeki. Dhahabu ya pete huchanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu, na ikiwa mojawapo ni nikeli, kweli kuna watu inawaletea aleji. Jipime mwenyewe: hereni za elfu moja za mnadani zinakuchuruzisha masikio? Kifungo cha suruali ya jinzi kinakuachia vipele chini ya kitovu? Saa ya bei chee je? Kama vyote hivyo unavivaa na hupati kitu, basi fundi wenu msimsingizie. Pete haina kosa.

Umeomba nikutajie sabuni moja nzuri. Sitakutajia, na si kwa uchoyo. Ungekuwa na sabuni moja mbaya, ungepona ulipoiacha. Umebadilisha tano, hujapona. Kosa haliko kwenye jina lililoandikwa kwenye paketi, liko kwenye hesabu ya siku nzima. Tuihesabu basi. Asubuhi unaloweka mashuka kwenye sabuni ya unga, unafikicha, unasuuza. Vyoo, kwa jiki na dawa ya choo. Deki, kwa sabuni ya maji. Kila ukimaliza kitu unanawa, tena kwa sabuni ya dawa. Nyumbani vyombo, kuogesha watoto, nguo za shule. Wikiendi unakoroga sabuni. Ujerumani, kwenye kanuni zao za usalama kazini, mtu ambaye mikono yake inakaa majini zaidi ya saa 2 kwa zamu anahesabiwa kuwa na kazi ya majimaji na mwajiri wake anatakiwa kumkinga. Wewe hizo saa 2 unazimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nikueleze kinachotokea. Ngozi ya juu ni kama nyumba ya miti na udongo. Miti na fito ni vile vijitabaka vikavu vilivyopangana, udongo ni mafuta yanayokaa katikati yake. Udongo ndio unaozuia mvua kuingia na ndio unaozuia unyevu wa ndani kutoka. Sabuni kazi yake ni kubeba mafuta, ndiyo sababu tunaipenda, lakini haijui kutofautisha mafuta ya sufuria na mafuta yako. Mvua moja haibomoi nyumba. Ukuta unanyauka kidogo na mwenye nyumba anakandika upya. Mwili nao hujikandika, lakini unahitaji saa nyingi za ukavu, na wewe hujaupa. Fito zimebaki nje. Hapo hata maji matupu yanawasha, hata jasho lako, hata kitunguu.

Kuna na jambo la ukali. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kiko karibu na 5. Sabuni ya mche iko kati ya 9 na 10. Kwenye kipimo hicho kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 kwenda 9 si hatua nne, ni mara elfu kumi. Aliyekwambia sabuni ya mche ni kali hakukosea. Lakini dawa ya jirani yako, ndimu, iko chini kabisa upande wa pili, karibu na 2. Umetoka kwenye magadi ukaingia kwenye siki.

Na ndimu ina lake jingine. Maji yake na hasa ganda lake vina kemikali inayoamka ikipigwa na jua. Peke yake ndani ya nyumba inachoma tu kwenye vidonda; ukitoka nayo juani kuanika mashuka, inaunguza kama moto, na baada ya malengelenge linabaki baka jeusi. Hilo baka lako ndilo hilo. Litafifia lenyewe, lipe miezi. Usilipake chochote cha kung'arisha, nakuomba, maana najua wataanza kukushauri.

Sabuni ya dawa nayo usiihusudu. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa viambato 19 vya kuua vijidudu, triklosani ikiwemo, kwenye sabuni za kunawia majumbani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji, na kwamba ni salama kuzitumia miaka nenda rudi. Mkono uliochanika hauhitaji sabuni ya kuua. Unahitaji kuachwa.

Tuje kwenye tyubu tano. Krimu ya tatu kwa moja ina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, pamoja na dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Iliyokuponya siku nne ni steroidi. Hizo nyingine mbili zilikuwa abiria. Steroidi si sumu, hata mimi ningekuomba uandikiwe. Lakini aliyekuuzia hakukwambia ni kali kiasi gani, upake siku ngapi, wala uache vipi. Ukipaka na kuacha, ukipaka na kuacha, huku mikono bado iko kwenye ndoo, unatwanga maji kwenye kinu, na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Kukiwa kweli na fangasi, steroidi inaituliza juu juu huku yenyewe ikitambaa chini, na daktari akija kuitazama haitambui tena. Tena isije ikapakwa usoni, hata kama inang'arisha. Kwa sababu inang'arisha, hasa.

Ni fangasi? Sidhani. Fangasi wa mkononi mara nyingi hukamata mkono mmoja, na ukitazama miguu utakuta nayo inabanduka, kucha zimekuwa nene na za njano. Wako ni mikono yote miwili. Ni upele? Hapo nataka ujikague vizuri, maana upele wa kuambukizana nao unapenda katikati ya vidole na huwasha usiku. Tazama vifundo vya mikono, kiunoni, kwenye chuchu. Ulizia kama mumeo naye anajikuna. Kama nyumba nzima inajikuna usiku, achaneni na sabuni, nendeni zahanati, na mtibiwe wote siku moja. Kama ni wewe tu, na ni mikono tu, basi tunaongea kuhusu ukurutu wa mikono unaoletwa na maji na sabuni. Huo hauambukizi. Mwambie bosi wako hivyo, kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika.

Mtoto ameniongezea jibu. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ndiyo makazi ya pumu ya ngozi kwa watoto, na ugonjwa huo hutembea na ukoo. Jiulize, au muulize mama yako: wewe utotoni hukuwa hivyo? Hukuwa na pumu ya kifua, au mafua ya vumbi? Watu wa ukoo huo udongo wa ukuta wao ni mwembamba tangu kuzaliwa, na kazi ya majimaji huwaangusha mapema kuliko wenzao. Kwa mtoto fanya hivi: maji ya uvuguvugu, kuoga kwa dakika chache, dodoki likae pembeni, sabuni isiyo na harufu kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, mwili mwingine maji yanatosha. Akitoka, kabla hajakauka sawasawa, mafuta ya mgando. Na sabuni yako ya ndoo asiogeshwe nayo. Hiyo ni ya vyombo na sakafu, hata ikinukia namna gani.

Hapo nimefika jikoni kwako, na hapa nitakaa kidogo.

Najua mnavyotengeneza, nami nimewahi kukaa kwenye vikundi hivyo. Salfoniki, ungaroli, soda ashi, gliserini kidogo, chumvi ya mawe, rangi, pafyumu, maji mpaka ijae ndoo. Mwalimu anasema koroga kuelekea upande mmoja tu, ukigeuza mwiko sabuni inaharibika. Sijawahi kuona sabuni iliyoharibika kwa kugeuza mwiko. Niliyoiona imeharibika ni ile iliyopimwa kwa macho. Salfoniki ni asidi kali, soda ashi ni kinyume chake, na sabuni nzuri ni pale vinapokutana vikamalizana. Kimoja kikizidi, kinabaki kwenye ndoo kikisubiri mikono ya mtu. Na wewe unaijaribuje kama imekubali? Nitabahatisha: unachovya vidole viwili unavisugua, ukisikia utelezi unasema imeiva. Mwanangu, magadi yakizidi, utelezi ule sehemu yake ni mafuta ya vidole vyako mwenyewe yanageuka sabuni. Unajipika. Nunua karatasi za kupimia pH kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Unachovya kipande, kinabadilika rangi, unakilinganisha na rangi za kwenye boksi. Tafuta 7 au karibu yake. Asidi uitie kidogo kidogo kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, nje penye upepo, na miwani machoni hata kama majirani watacheka.

Chumvi ile inafanya sabuni iwe nzito, haiifanyi iwe kali kwa uchafu. Povu nalo ni sherehe tu, halina uhusiano mkubwa na usafi. Najua wateja wanataka nzito, yenye povu, yenye harufu ya waridi. Lakini harufu ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuleta aleji ya ngozi, na rangi haisafishi chochote. Jaribu kutenga chupa chache zisizo na rangi wala harufu, uwauzie wenye watoto wachanga. Usishangae zikaanza kuulizwa.

Kuna kitu hujakitaja na ninakiogopa: formalini. Vikundi vingi huiweka ili sabuni isichache. Kama na ninyi mnaweka, acheni. Formalini inaleta aleji ambayo ikishaingia haitoki, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa kwa wanaovuta mvuke wake. Badala yake tengeneza ndoo ndogo inayokwisha ndani ya wiki moja au mbili, kwa maji yaliyochemshwa na chupa zilizooshwa kweli.

Nimesema aleji mara kadhaa, nikutenganishie. Kuchubuliwa na sabuni kunaweza kumpata mtu yeyote, ni suala la kiasi tu. Aleji ni ya mtu mmoja, na kwake tone linatosha, tena haiji pale pale, huja siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana watu husingizia kitu kingine. Kipimo chake ni kubandikiwa plasta zenye vitu mbalimbali mgongoni, zinakaa siku 2, kisha mgongo unasomwa, na kusomwa tena siku kadhaa mbele. Ni hospitali chache zenye nacho. Wewe anza kwa kufuata nitakayokwambia. Usipopata nafuu, ndipo ukiulizie. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wahitimu wake wengi wanafanya kazi kwenye hospitali za mikoa. Nenda hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya ngozi ni siku gani. Beba tyubu zote tano, hata zilizokwisha, na chupa ya sabuni yako.

Sasa mikono.

Glavu hazikukosa, zilikosa mwenzake. Mpira ukikutana na ngozi moja kwa moja, jasho halina pa kwenda. Vaa kwanza glavu za pamba, nyepesi, kisha juu yake za mpira ndefu za kufika karibu na kiwiko. Za pamba ukizikosa, kata soksi nyembamba za pamba. Kila baada ya dakika 20 hivi vua, pumzisha mikono, na za ndani zikishalowa badilisha. Uwe na jozi tatu nne za pamba, unazifua unazianika. Jioni za mpira zigeuze ndani nje zikauke. Maji yakiingia ndani, usiseme namalizia shuka hili moja. Vua hapo hapo, kwa sababu maji ya jiki yaliyofungiwa ndani ya glavu ni mabaya kuliko kutovaa kabisa.

Jiki ipimwe kwa kifuniko, isimiminwe kwa kukadiria, na maji yawe ya baridi. Na kwenye vyoo, usichanganye jiki na dawa ya choo, hata kama ya kwanza imeshindwa kutoa madoa. Dawa nyingi za choo ni asidi, na asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Kama umewahi kusikia ile harufu inayokaba koo mpaka unatoka nje unakohoa, ndiyo hiyo. Watu wamelazwa kwa hiyo.

Kunawa huwezi kuacha, hasa ukitoka chooni. Tumia sabuni kidogo, isiyo na harufu, maji yasiwe ya moto, suuza mpaka utelezi uishe, kausha kwa kugandamiza kitambaa na si kufikicha, usisahau katikati ya vidole. Hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Weka kikopo kimoja kazini, kimoja jikoni, kimoja kitandani. Losheni za kunukia ziache, zina maji mengi na zinachoma kwenye mipasuko. Mafuta ya nazi si mabaya, ila ya mgando hukaa zaidi. Usiku paka mengi, mpaka yang'ae, vaa soksi za pamba mikononi, ulale. Najua ni kichekesho. Ukuta wa chumba utapumzika.

Umesema mume wako hana neno kuhusu pete. Vizuri. Basi asiwe na neno na vyombo, kwa miezi miwili hii. Na ndimu, nyanya na pilipili azikate yeye au mtoto mkubwa.

Nakutahadharisha na kitu kimoja ambacho huwaangusha wengi: wiki ya tatu au ya nne mikono itaonekana imepona. Itakuwa laini, utaacha glavu, utarudi kwenye ndoo. Ngozi hufunga juu mapema, lakini ukuta wa ndani huchukua miezi kadhaa kurudi nguvu yake. Endelea hivyo hivyo hata kama huoni kitu. Na kwa ngozi zetu usisubiri wekundu ndio ujue inarudi. Kwetu huanza kwa kufifia kama majivu, kisha weusi na ugumu. Ukiona majivu kwenye viungo, ongeza mafuta siku hiyo hiyo. Ukiona usaha, mkono umevimba na una joto, au homa, hiyo si ya mafuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi usiache. Bosi hakukosea kukupa glavu, alikosea kukupa jozi moja akadhani amemaliza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa wanaougua kutokana na kazi, ambao waajiri wanatakiwa kuuchangia. Sikuambii uende na sheria mkononi siku ya kwanza. Nenda na karatasi ya daktari, omba glavu za kutosha, dekio lenye mpini na brashi ndefu, na mgawane na mwenzako: siku moja wewe unatandika na kufuta vumbi, yeye yuko majini, kesho yake mnabadilishana. Ukikataliwa yote hayo, niandikie tena tuzungumze lugha nyingine.

Mama mkwe sitabishana naye, mimi pia ni mama mkwe wa mtu. Mkubalie kwamba ni mkono wa mtu, kisha mwombe akuache miezi mitatu uutibu, kwa kuwa ni wako.

Pete isugue kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, mpaka mifereji yote iwe safi, isuuze sana, ikauke. Itie kwenye mkufu uivae shingoni, juu ya nguo, ili kila mwenye macho aione. Mikono ikikaa miezi mitatu bila kipele, irudishe kidoleni, ila iwe inavuliwa kabla ya ndoo na kurudishwa mkono ukiwa mkavu. Lakini leo usiisugue kwanza. Mwite wifi aje, mpeleke dirishani, aone huo utando kwa macho yake.

Mama Mkubwa